Mwendo wa Achieng' Ndani ya Jaketi la Odhiambo

Ukienda kwa fundi wa akala, viatu vya tairi, akakupima mguu ukiwa umekaa, chukua mguu wako uende zako. Huyo ni mkata matairi tu. Fundi wa kweli atakuambia simama, tembea mpaka pale kwenye kisiagi cha unga, urudi. Na wakati unatembea, mguu wenyewe hautazami hata kidogo. Anatazama mabega, anatazama kiuno, anatazama shingo. Mguu hutumwa tu, wajukuu zangu. Wanaoutuma wako juu.

Mimi nimekata akala katika soko la Migori mpaka vidole vyangu vikakataa kushika kisu. Sasa nimekaa, na mjukuu wangu Apondi amenipa kalamu, anasema nyinyi vijana mnapenda kusoma mambo ya watu. Shule yangu iliishia darasa la tatu kule Kendu Bay, kwa hiyo mkiona herufi zimelala, zisimamisheni wenyewe. Lakini majina, hilo sina shida. Mtu akishanitembelea mara moja mbele ya macho, jina lake halinitoki.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Marwa, Mkuria wa Kehancha, mtu mrefu mwenye mikono kama makasia. Nilipomwendea nikamwambia nataka kujifunza, watu wa soko walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke na kisu cha tairi! Mzee Marwa hakucheka. Alinipa kipande cha raba na kisu, akasema, "Kata, Nyar Kendu." Nyar Kendu ni binti wa Kendu, ndivyo Wajaluo wanavyomwita mwanamke aliyeolewa mbali na kwao, na yeye Mkuria alilichukua jina hilo kwetu akanibatiza nalo sokoni. Nilikata, kisu kikakwama. Nikasukuma, kikakwama zaidi. Akanitazama natoka jasho, kisha akasogeza kwa mguu kikopo cha maji kilichokuwa hapo tangu mwanzo. "Raba ni kama mama mkwe," akasema. "Ukiiendea mkavu mkavu, haikubali."

Basi chovya kisu katika maji, kata. Chovya, kata. Hilo ni somo la kwanza, na mpaka leo sijaona mtu aliyeligeuza. Kilichogeuka ni matairi. Zamani tairi la lori lilikuwa na nyuzi za nailoni, unalichana kama mkate. Haya ya sasa yamejaa nyaya za chuma, ukimaliza jozi moja mikono ni kama umemkumbatia nungunungu.

Mahali petu palikuwa chini ya barabara inayoshuka kutoka kanisani. Asubuhi jua lilikuwa nyuma ya watu, kwa hiyo aliyeko juu kule humwoni uso wala nguo, unaona kivuli cheusi kinachotembea. Tukawa na mchezo wetu, mimi na mzee. Nani yule? Mwanamume au mwanamke? Anakuja au anaenda? Sasa nisikilizeni, maana hili nimelitazama miaka na miaka. Mzee Marwa akimdhania mtu kuwa mwanamume, ataapa anakuja. Akimdhania mwanamke, ataapa anaenda. Na mimi hivyo hivyo! Kivuli ni kile kile, miguu ni ile ile, lakini tukishasema tu moyoni "mwanamume", macho yanamleta kwetu. Tukisema "mwanamke", macho yanampeleka zake.

Siku moja mzee alisema, "Mteja huyo, mwanamume wa nguvu, anakuja." Akatoa kigoda, akakipangusa vumbi, akanoa kisu, akakaa vizuri. Mteja akawa anazidi kuwa mdogo. Mzee akakunja macho. Mteja akawa mdogo zaidi. Kumbe alikuwa mama mmoja, Wilkista wa nyuma ya soko, amebeba gunia mgongoni, anapanda kwenda kanisani! Nilimwambia, "Mzee, huyo mteja wako amesahau njia?" Alikalia kigoda mwenyewe.

Msimcheke peke yake. Mimi nami Ondiek alinishinda. Ondiek ndiye aliyekuwa mtu wa kisiagi, jirani yetu kabisa. Alipoanza kazi pale alikuwa anapita mbele yangu kifua mbele, shingo imesimama, hageuki kulia wala kushoto, ukimsalimu anajibu akitazama mbele kama askari wa gwaride. Nikasema moyoni, huyu anatembea kama amenunua barabara. Mvua zote za mwaka ule sikumsalimu tena. Mwisho nikamwambia Mzee Marwa, "Huyo Ondiek ana kiburi cha nini, kwa unga wa watu?"

Mzee akashangaa. "Kiburi? Yule mgongo umemkamata. Amebeba magunia vibaya. Hawezi kugeuza shingo, anageuka mwili mzima kama lori. Huoni?"

Sikuwa nimeona. Nilimwona mwanamume kifua mbele, nikasema kiburi, nikafunga duka la macho. Tulimkatia Ondiek akala zenye kisigino kinene cha raba laini, baada ya siku si nyingi akaanza kugeuka, na alipogeuka ndipo tukajua ana mdomo. Ah, mdomo ule! Ningejua ningemwacha na shingo yake.

Na wanawake je? Mzee Marwa aliwakatia akala nzuri, mishipi imekaa, misumari imepinda vizuri, lakini ikifika saa sita wanarudi wanalalamika zinabana. Yeye anasema, "Wanawake hawaridhiki." Mimi nikamtazama Min Odhiambo, muuza omena, dagaa wa ziwani, aliyekuwa anakaa mkono wangu wa kushoto, jinsi anavyotembea na beseni kichwani. Mguu wa mtu mwenye mzigo kichwani hufunguka, wajukuu zangu. Unapanuka kama chapati. Lakini mzee alikuwa anawapima mikono mitupu, kama wanaume. Siku ile nikamwambia Min Odhiambo asimame juu ya raba na beseni lake lote la omena, nikachora mguu hapo. Harufu ilinishika mpaka jioni, lakini akala zile hazikubana hata siku moja. Mzee akakubali. Tukagawana kazi: wanaume atazame yeye, wanawake nitazame mimi, na yule wa kutilia shaka tumtazame wote wawili.

Huyo Min Odhiambo, yaani mama yake Odhiambo, alikuwa mwanamke wa kazi. Mume alishafariki, alimlea kijana wake kwa omena, akamnunulia pikipiki ya boda. Odhiambo akaoa msichana wa upande wa Asumbi, jina lake Achieng'. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemleta kwangu. "Mkatie huyu binti yangu akala za kuteka maji. Viatu vyake vya shule vitaisha kwa mawe ya kisimani." Achieng' akatembea mpaka kwenye kisiagi na kurudi, na ndoo ya maji kichwani kama ninavyotaka mimi. Mwendo ulikuwa umenyooka kama uzi. Nikachora, nikakata, akavaa, akaenda.

Miezi ikapita. Nikaanza kuona vichwa vinageuka kila Achieng' akishuka barabara ile. Kiuno kilikuwa kinaenda upande, kinarudi, kinaenda, kinarudi. Ondiek akapata kazi mpya. Alikuwa anasimama mlangoni mwa kisiagi, mweupe kwa unga kama mzimu, anaita, "Nyar Asumbi! Punguza, barabara ni ya serikali, utaivunja!" Vijana wanacheka. Achieng' anaziba mdomo kwa leso, anacheka nao, anapita.

Min Odhiambo yeye hakucheka. Alikuwa anapiga beseni lake kwa kikombe cha kupimia, ngo, ngo, ngo. "Nimeleta mke au nimeleta mcheza ngoma?" aliniuliza. "Alipokuja hapa alikuwa anatembea kama mtu. Sasa ona. Maringo hayo ni ya nani? Odhiambo yuko barabarani, hayuko hapa kuyaona. Kesho asubuhi anampakia pikipiki, anamrudisha kwao Asumbi. Nimeshasema. Akae kwa mama yake mpaka ajifunze kutembea kama mke wa mtu."

Asubuhi ile ile Achieng' aliniletea akala, mshipi umelegea. Nikazigeuza. Wajukuu, akala haziliki upesi. Akala mtu hununua, anavaa, anamwachia mdogo wake. Hii ya kulia ilikuwa imeliwa ukingo wa nje mpaka nyuzi zinaonekana. Ya kushoto ilikuwa bado na maua ya tairi, mpya kabisa.

Nikamwuliza polepole, mama mkwe akiwa ameenda kununua chumvi. "Nyathina, mtoto wangu, unaumwa?"

"Kidogo tu, dani." Aliniita dani, bibi, kama mjukuu. "Hapa kwa kinena. Niliteleza na mtungi kule kisimani. Nikikanyaga wima inachoma, nikiinama upande inapoa. Itaisha."

"Umemwambia mama?"

Akacheka kile kicheko chake cha kuziba mdomo, lakini macho hayakucheka. "Nikisema, atasema ninakwepa maji. Tayari anasema nina maringo. Afadhali maringo kuliko uvivu."

Nikamwendea Mzee Marwa. Wakati huo alikuwa amezeeka, anakaa tu kunitazama nikikata na kunikosoa. Nikamwambia yule msichana ameumia nyonga. Akatikisa kichwa. "Nyar Kendu, nimetazama miguu ya watu kabla wewe hujaolewa. Hayo ni maringo. Kwa huyo hata macho ya mwanamke hayahitajiki."

"Mzee," nikamwambia, "tuseme yule anayetembea vile ni Odhiambo. Kiuno vile vile, kinaenda, kinarudi. Ungesemaje?"

"Odhiambo? Ningemwambia aende hosp..."

Mswaki wake ukasimama mdomoni. Tukatazamana. Kisha mzee yule, na meno yake matatu, akaanza kucheka taratibu, kama gari linalowaka asubuhi ya baridi.

"Usimwambie Min Odhiambo kitu," akasema. "Hata mimi umeniambia na sikuamini. Macho yakishasema, masikio hayafanyi kazi. Mwache aone. Huyo kijana ana jaketi lile kubwa la boda?"

Alikuwa nalo, wale mnaopanda boda mnayajua, jaketi zito ambalo dereva huvaa kinyumenyume kuzuia upepo, likimfika mapajani. Odhiambo alipopita kwenye stage, kituo cha boda, nilimwita. Nilimwonyesha zile akala mbili. Akazishika, akazitazama, akanitazama. "Ananiambia yuko sawa," akasema. "Usiku anageuka upande mmoja tu. Nilidhani amenikasirikia." Na kesho ndiyo alikuwa ampakie pikipiki, na njia ile ya Asumbi mnajua ilivyokuwa, shimo kwa shimo. Kijana akavua jaketi bila kuulizwa mara mbili. Akatoa na helmeti, na ile suruali ya mvua.

Aliyesita ni Achieng'. "Nivae nguo za mume wangu sokoni? Mama atanimaliza!"

"Kesho unarudishwa kwenu," nikamwambia. "Ni wewe wa kuamua, mama. Ukisema hapana, mimi nafunga mdomo na kukaza mshipi wako."

Akafikiri kidogo. Halafu akanyoosha mkono, akachukua helmeti. "Lakini nikianza kucheka ndani, msinilaumu."

Basi saa sita jua kali, Min Odhiambo amekaa kwenye beseni lake, Ondiek yuko mlangoni kwake anakung'uta unga, mimi nakata nikijifanya sijui. Kule juu kanisani kikatokea kitu cha jaketi na helmeti, kinashuka. Kiuno kinaenda, kinarudi. Mwendo ule ule uliokuwa unapigiwa kelele kila siku, hata hatua moja haikubadilishwa.

Ondiek ndiye aliyeona kwanza. Nilingoja nisikie atasema nini, kisu kiko hewani.

"We! Tazameni! Yule dere ameumia!" akapaza sauti. "Ona nyonga! Ona anavyoiburuta! Huyo ameanguka na pikipiki. Leteni kiti, jameni, leteni kiti! Mimi mgongo unanijua, ule si mchezo!" Naye huyo akaingia ndani kutafuta kiti, unga unaruka.

Min Odhiambo akainua macho. Akaliona jaketi.

"Yawa! Ni la Odhiambo! Mtoto wangu!"

Sijawahi kuona mwanamke mnene akiruka beseni. Omena zilimwagika zote, kuku wa soko wakashukuru Mungu. Alipanda ile barabara leso inapepea nyuma, akamfikia, akamshika mkono, akamtegemeza begani. Sisi wote tulikuwa nyuma yake.

"Mos, mwanangu, mos, pole," anasema, pumzi hana. "Si nilikwambia hiyo barabara! Si nilikwambia! Unaumwa wapi? Eh? Nionyeshe. Unaumwa wapi?"

Helmeti ikatoka. Achieng' hakuwa anacheka. Labda alidhani atacheka, lakini kuulizwa vile na sauti ile kulimvunja, machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni.

"Hapa, mama," akasema, akaweka mkono kwenye kinena.

Min Odhiambo alimtazama usoni, akatazama mguu, akatazama usoni tena. Mkono wake bado ulikuwa umemshika. Ningesema uongo nikiwaambia niliona anafikiri nini. Nilichoona ni kwamba hakuuachia ule mkono.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua, mama. Kisimani."

"Na maji umekuwa ukinitekea?"

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe akamtegemeza vizuri zaidi. Kisha akageuka. Nyuma yetu Ondiek alikuwa amesimama katikati ya barabara, kiti mikononi, mdomo wazi, hajui akiweke chini au arudi nacho.

"Ondiek!" akamfokea. "Kiti ulikuwa unamletea nani? Si ulimletea huyu? Kilete! Au kiti chako hakikaliwi na mwanamke?"

Akakileta. Akakipangusa unga kwa shati lake mwenyewe, na Achieng' akakaa hapo hapo barabarani, amevaa suruali ya mvua, kama chifu. Mimi nilipata changu pia kutoka kwa mama mkwe. "Nyar Kendu, ungeniua kwa mshtuko wa moyo!" Nikamwambia, "Ningekwambia kwa mdomo ungesikia?" Akanitazama vibaya.

Hawakungoja kesho. Walimkodia gari dogo, mama mkwe akaketi naye nyuma, mguu wa Achieng' umelazwa juu ya mapaja yake. Hospitali wakapiga picha, wakaona ufa kwenye mfupa wa nyonga, mwembamba kama unywele. Daktari, kijana mpole, aliwaambia mfupa bado umeshikilia, apewe magongo, asikanyage, atapona bila kupasuliwa. Aliuliza kama alikuwa na mpango wa safari. Odhiambo akasema alikuwa ampeleke Asumbi kwa pikipiki. Daktari akasema, "Usingemfikisha na mguu mzima." Hayo Odhiambo alinisimulia mwenyewe, amezima pikipiki mbele yangu.

Achieng' alikaa mwezi na mwezi mwingine kwenye kiti, anachambua omena, na Min Odhiambo akateka maji mwenyewe huku akiisema njia nzima, mawe, kisima, ndoo, serikali. Lakini aliteka. Na siku Achieng' aliposhuka barabara ile bila gongo, mwendo umenyooka kama uzi, mama mkwe alisimama kwenye beseni lake akamtazama mwanzo mpaka mwisho kama mimi ninavyomtazama mteja. Kisha akakaa, akapima omena, kikombe kikajaa mpaka kikamwagika.

Tatizo ni kwamba tangu hapo hakuacha kutazama. Soko zima likawa mgonjwa wake. Mzee akichechemea, Min Odhiambo anamwuliza. Mtoto akikunja mguu, anauliza. Na Ondiek, kila akifungua mdomo wake kumwita msichana, kwanza anachungulia beseni la omena liko upande gani.

Ndipo siku moja ya soko akashuka msichana mmoja kutoka Kehancha, Robi, amekuja kuuza nyanya. Gauni jipya la manjano, karai kichwani, na kiuno, ai, wajukuu zangu, kiuno kilikuwa kinaandika barua. Ondiek akafungua mdomo. Akachungulia. Akafunga.

Min Odhiambo akasimama. "Wewe msichana! Simama hapo. Unaumwa wapi?"

Robi akasimama, akatazama nyuma kuona ni nani anayeambiwa. "Mimi, mama? Siumwi popote."

"Usinifiche. Ni nyonga? Ni mgongo? Ulianguka?"

"Sikuanguka, mama. Huu ndio mwendo wangu." Akaona haya kidogo, akatabasamu. "Na leo nimeamka nimefurahi."

Min Odhiambo akanigeukia. "Nyar Kendu, unasemaje?"

Nikamwambia Robi ainue mguu mmoja, halafu wa pili. Soli zilikuwa zimelika sawasawa, pande zote mbili. "Mzima kabisa," nikasema. "Hayo ni maringo safi."

Achieng' alikuwa ameketi na ungo wake pembeni. Alicheka kwa sauti, na hakuziba mdomo.

"Haya basi, tembea, mwanangu," Min Odhiambo akasema, akakaa chini. "Tembea. Na huyo wa kisiagi akikuita, niite mimi."

Robi akaweka karai lake sawa, akaenda kwenye nyanya zake, na safari hii akaongeza.